Damu kwenye mkojo baada ya likizo nyumbani: kichocho au figo za ukoo?

#1 Dada Mkubwa
Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo, hasa ya wenye uzoefu.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 31, wote tunaishi Uingereza. Kwetu kuna ugonjwa wa figo wa kurithi. Figo zinajaa vifuko vya maji, zinavimba mwaka hadi mwaka mpaka zinashindwa kazi. Baba aliishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Mdogo wangu alikutwa nazo akiwa na miaka 24, mimi kura iliniacha. Wanasema kila mtoto ni nusu kwa nusu.

Desemba alikwenda nyumbani wiki nne. Alikuwa Mwanza kwa shangazi, akaoga ziwani na watoto. Karudi Januari 8. Januari 27 asubuhi kakojoa damu, na si ya kubahatisha, ni rangi ya juisi ya rozela.

Daktari wa figo anasema kifuko kimepasuka, apumzike na anywe maji. Daktari wa magonjwa ya wasafiri anasema huyu katoka kuoga Ziwa Victoria, ana kichocho, hakuna haja ya kuhangaika. Kipimo cha kingamwili za kichocho kimetoka chanya. Mkojo ulipotazamwa kwa hadubini halikuonekana yai hata moja. Eosinofili, zile chembe nyeupe za damu zinazopanda mtu akiwa na minyoo au mzio, zimepanda kidogo. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, iko palepale pa mwaka jana.

Kila daktari anavutia kwake na mgonjwa yuko katikati. Nani yuko sahihi?

#2 Kasuku wa Kigoma
Pole dada. Kuoga ziwani, kukojoa damu, kipimo chanya. Hapo kuna la kujadili? Kichocho hicho. Ameze dawa alale.

#3 Chawa Mstaafu
Nimekaa pale na kahawa yangu nasubiri wajuzi.

#4 Fundi Hadubini
@Kasuku wa Kigoma taratibu mkuu. Nimekaa maabara miaka 16, kumi ya kwanza Kanda ya Ziwa. Kichocho ni viwili kwetu. Ziwa Victoria lenyewe ni la kichocho cha tumbo. Konokono wanaoishi mle wanabeba mdudu wa utumbo na ini. Ndiyo maana visiwa vya Ukerewe unakuta watu ini na bandama vimeharibika, wengine wanatapika damu. Wa kibofu, anayeleta damu kwenye mkojo, konokono wake ni wa aina nyingine na anapenda malambo, vidimbwi, majaruba ya mpunga na vijito. Kwa hiyo aliyeoga Mwanza mjini tu, ningetafuta mayai kwenye choo kubwa kabla ya mkojo.

Ukiona yai huwezi kukosea: la kibofu lina mwiba mkiani, la tumbo lina mwiba ubavuni.

Pili ni tarehe. Kaoga katikati ya Desemba, damu Januari 27. Hizo ni wiki sita. Mdudu akiingia kwenye ngozi anahitaji miezi miwili mpaka mitatu akomae na kuanza kutaga. Damu inaletwa na mayai yanayopasua ukuta wa kibofu. Mayai bado, damu itoke wapi?

#5 Kasuku wa Kigoma
Nimekubali kushindwa lakini si kwa moyo mmoja. Kingamwili chanya je? Zimetoka hewani?

#6 Nesi Mstaafu
Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Dada Mkubwa, mdogo wako alizaliwa wapi?

#7 Dada Mkubwa
Maswa. Tuliondoka yeye akiwa na miaka tisa.

#8 Nesi Mstaafu
Basi kile kipimo kisimtishe mtu wala kumfurahisha. Mzungu ambaye hajawahi kukanyaga Afrika, akienda likizo moja akarudi na kingamwili chanya, hiyo ni habari. Mtoto wa Maswa aliyecheza lamboni mpaka miaka tisa anaweza kuwa na kingamwili chanya hadi leo hata kama alishatibiwa shuleni na hana mdudu hata mmoja. Damu inakumbuka vita, haikwambii kama adui bado yumo.

Na daktari wa huko akisoma fomu imeandikwa "msafiri, mkazi wa Uingereza" anamweka kapu moja na huyo mzungu. Wamwambie alikozaliwa.

#9 Mtoto wa Jaruba
Maswa! Jirani kabisa. Sisi utotoni kukojoa nyekundu ilikuwa ni kukua, mtu unaitwa na wenzako waje kuona. Asiyekojoa damu alionekana bado mtoto wa mama.

Ila niseme jambo la kwetu. Baba yangu, baba mkubwa na baba mdogo wote watatu walikojoa damu ukubwani. Ukoo mzima tukasema kichocho cha kwenye mpunga. Baba mkubwa alipigwa utrasaundi kwenye zahanati moja, akaambiwa figo imevimba kwa sababu kichocho kimeziba mirija ya mkojo. Dawa akameza mara nne au tano. Kafariki. Baada yake baba mdogo naye figo zikagoma, akapelekwa rufaa, daktari akatazama picha akauliza swali moja tu: "Kwenu wangapi?" Kumbe ni vifuko. Maji ndani ya vifuko na maji yaliyorudi nyuma kwa kuziba yote yanaonekana meusi kwenye picha, asiye mzoefu anachanganya. Miaka ishirini tulikuwa tunalaumu jaruba.

#10 Dada Mkubwa
@Mtoto wa Jaruba umenitoa machozi. Baba yetu naye wazee walisema hivyohivyo.

#11 Mpemba Asilia
Assalaam aleikum. Na mie nitie neno. Kwetu Pemba na Unguja kichocho ni hicho cha mkojo tu, cha tumbo hatuna. Tangu 2012 tumelishwa vidonge majumbani na maskulini, konokono wakapigwa dawa mitoni, kikashuka sana. Kwa hivyo kijana wa siku hizi akikojoa damu hatusemi tena moja kwa moja kichocho. Na wageni wanaotuuliza kama kuoga baharini kuna kichocho: hakuna, konokono wale hawaishi maji ya chumvi. Mtoni na kwenye mabwawa ndipo.

#12 Chawa Mstaafu
Mpemba kaja kutangaza utalii katikati ya ugonjwa.

#13 Mpemba Asilia
Njoo, chumba kipo, bei ya kindugu.

#14 Bwana wa Muscat
Niko Oman mwaka wa 11. Nawaletea la tatu msilolitaja. Mimi mwenyewe nilikojoa damu 2019 baada ya kwenda Tanga. Nikapimwa kichocho, hakuna. Nikapigwa picha, figo safi. Mwisho daktari wa hapa, ambako selimundu imejaa kwenye koo nyingi, akapima damu yangu: nina kinasaba kimoja cha selimundu. Si mgonjwa, mbebaji tu, maisha yangu yote sikujua. Wabebaji wengine huvuja damu kwenye figo bila sababu nyingine, na mara nyingi ni figo ya kushoto. Yangu ilikuwa kushoto. Dada, mdogo wako alishapimwa hiyo? Kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi mno.

#15 Dada Mkubwa
Sijui. Naandika.

#16 Kasuku wa Kigoma
Na malaria je? Kuna ile ya mkojo mweusi kama kokakola.

#17 Fundi Hadubini
Inawezekana, ila ile ina homa kali na mtu hoi, si wa kuandikiwa uzi. Na maabara inaitenganisha kirahisi: kijiti cha mkojo kitasema kuna damu, ukitazama kwa hadubini huoni chembe nyekundu, kwa sababu zilipasukia kwenye mishipa kilichoshuka ni rangi tu. Huyu waliona chembe?

#18 Dada Mkubwa
Ripoti inasema chembe nyekundu nyingi mno, hazihesabiki. Malaria walipima, hasi. Homa alikuwa nayo siku mbili, 38 hivi, wiki ya pili ya Januari, na vipele vya kuwasha. Akasema ni mafua ya ndege.

#19 Chawa Mstaafu
Mafua ya ndege tena! Uzi unakuwa mrefu.

#20 Dada Mkubwa
Mafua ya kwenye eropleni, jamani.

#21 Nesi Mstaafu
Homa na vipele vya kuwasha wiki nne baada ya ziwa, na eosinofili juu. Hilo nalo lina jina, homa ya Katayama, kwa jina la sehemu ya Japani. Ni mwili unaupokea mdudu mchanga. Huwapata zaidi wageni wa mdudu kuliko waliokua naye, lakini aliyekaa Ulaya miaka 22 kinga yake sijui niiweke upande upi. Kwa hiyo inawezekana kabisa alipata kichocho KIPYA cha tumbo Mwanza, na damu ya mkojo ikawa ya figo. Yote mawili. Nani aliwaambia mtu mmoja anaruhusiwa ugonjwa mmoja?

#22 Kasuku wa Kigoma
Kumbe hata mimi nilikuwa sahihi kidogo.

#23 Nesi Mstaafu
Kidogo sana, mwanangu.

#24 LodwarKwetu
Hamjambo watu wa Bongo. Mimi ni wa Turkana, Kenya. Yangu si ya damu lakini ni dada wa hii hadithi. Shemeji yangu ana huo ugonjwa wa vifuko, mama yake ni Mjerumani, umetoka kwa mama. Alikaa kwetu na mbwa wa boma miaka mitatu, halafu akarudi Ujerumani. Miaka sita baadaye tumbo likajaa upande wa kulia. Madaktari wa huko wakaona vifuko kwenye ini, wakasema ni vilevile vya figo, maana wengi wenye huo ugonjwa huota na kwenye ini. Ni kweli, alikuwa navyo vingi vidogo. Lakini kimoja kilikuwa kikubwa na ndani yake kuna vifuko vingine, kama mama na watoto. Mzee mmoja daktari akauliza aliwahi kuishi wapi. Alipotaja Turkana, sindano iliyokuwa tayari ikarudishwa kwenye trei.

Kwetu mbwa hubeba mnyoo, mayai yanatoka kwa kinyesi, mtu anayameza bila kujua, kifuko kinakua polepole miaka na miaka. Turkana ni kati ya sehemu zenye ugonjwa huo zaidi duniani, shirika la afya la AMREF walizunguka kwetu na mashine za utrasaundi tangu miaka ya 80. Ukidunga kifuko hicho kiholela maji yake yakamwagika tumboni, mtu anaweza kufa kwa mzio palepale, au mbegu zitawanyike. Wanadunga, lakini kwa utaratibu wake na dawa ya minyoo, albendazoli, ikiwa imetangulia.

Kipimo chake cha damu kilikuwa hasi, by the way... samahani, Kiswahili tu hapa. Kipimo kilikuwa hasi na ugonjwa ulikuwepo.

#25 Mpemba Asilia
Mkenya kajisahihisha mwenyewe, tumuandikie barua ya pongezi.

#26 Fundi Hadubini
@LodwarKwetu hiyo ni dhahabu. Nirudi kwa mkojo, maana nimeamka na wazo.

Dada, mkojo walichukua saa ngapi? Na huyu bwana kwa siku anakunywa maji kiasi gani?

#27 Dada Mkubwa
Saa mbili asubuhi, mara moja. Maji anakunywa lita nne, daktari wa figo ndivyo alivyomwagiza. Tena anameza tolvaptani, dawa ya hizo figo za vifuko, anakwenda chooni kama mjamzito.

#28 Fundi Hadubini
Ndiyo! Sikilizeni. Mdudu wa kibofu mayai yake hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa mbili bado. Halafu sisi huchuja mililita 10 za mkojo na kuhesabu mayai. Kipimo hicho kimepangwa kwa mtoto wa shule anayekojoa mkojo wa kawaida. Mtu wa lita nne na dawa ya kukojoza, mkojo wake ni maji ya bomba. Mayai kama yapo yameogelea ndoo nzima, mililita 10 utapata nini? Ushauri mzuri wa figo umeuficha ushahidi wa kichocho.

Asiache maji wala dawa yake, nasisitiza. Achukue mkojo wa mchana, siku tatu tofauti, atembee au apande ngazi kwanza, matone ya mwisho yasiachwe chooni, na maabara ichuje mkojo mwingi zaidi. Wenye mashine ya vinasaba waitumie, inaona hata kidogo.

Na zile kampeni za kupima kijiji kizima kwa kijiti, damu ipo ana kichocho, kwa mwenye figo za vifuko hazimfai. Kijiti chake kinaweza kusoma damu hata akiwa hajawahi kuona konokono.

#29 Kasuku wa Kigoma
Mkuu ulisema hakiwezekani kwa tarehe, sasa unatafuta mayai ya nini?

#30 Fundi Hadubini
Nilisema cha Desemba hakiwezekani. Hicho cha zamani sijakifuta. Mdudu mmoja huishi miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, wengine wamekutwa hai baada ya miongo. Ndiyo maana nauliza: kati ya miaka tisa na leo hakuwahi kurudi?

#31 Dada Mkubwa
Alirudi miaka miwili iliyopita, tulimzika bibi Maswa. Wiki mbili.

Na sasa nakumbuka. Alikwenda na binamu zake jarubani kupanda mpunga, akapiga picha amezama magotini, tukamcheka kwenye kundi la familia. Mungu wangu.

#32 Mtoto wa Jaruba
Hahaha jaruba limerudi. Nililitetea bure.

#33 Kasuku wa Kigoma
NILISEMA KICHOCHO.

#34 Daktari Njiani
Nimeusoma wote. Mimi ni daktari wa ndani, si wa mgonjwa huyu, kwa hiyo nazungumza kwa jumla. Mmesahau mawe. Karibu mmoja kati ya watano wenye figo za vifuko hupata mawe, nayo huleta damu. Mmesahau pia kifuko kilichoingia bakteria: homa ipo, na mkojo ukioteshwa unaweza usiote kitu kwa sababu kifuko hakijaungana na njia ya mkojo. Homa ile ya Januari si lazima iwe ya mdudu.

Damu ya kifuko kilichopasuka kwa kawaida hukata yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki. Ya kichocho huja na kwenda miezi, mara nyingi mwishoni mwa mkojo. Dada, yake ilikuwa mwanzo, mwisho au yote?

Na asiguse diklofenaki wala ibuprofeni, hizo si rafiki wa figo zake.

#35 Dada Mkubwa
Ilikuwa yote, mwanzo hadi mwisho. Ilikata siku ya tano. Juzi ikarudi kidogo.

#36 Daktari Njiani
"Ikarudi kidogo" inanirudisha nyuma hatua mbili. Wamwangalie kibofu kwa kamera kama haitaeleweka. Kichocho cha muda mrefu ukikiacha kibofuni kinahusishwa na saratani, si jambo la kuahirisha kwa sababu jibu la figo linaridhisha.

#37 Bwana wa Muscat
Selimundu yangu imetupwa nje kimyakimya.

#38 Mama Wawili
Mimi siyo mtaalamu, nauliza tu: si wampe prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, yaishe? Shuleni kwa wanangu wanapimwa urefu kwa mti, wanapewa vidonge, wanarudi nyumbani.

#39 Nesi Mstaafu
Nami ningempa, mama. Ni miligramu 40 kwa kila kilo na si dawa ya kuogofya. Ila inaua waliokomaa, wachanga wa Desemba inawaacha. Akinywa mapema lazima arudie baada ya miezi kama mitatu. Na wachukue mikojo kabla hajameza, si baada.

#40 Kijana wa Toulouse
Nyongeza kwa wanaodhani konokono ni wa Afrika tu. Hapa Ufaransa, kisiwa cha Corsica, mto Cavu, watu walioga 2013 wakapata kichocho cha mkojo bila kuwahi kuoga kwenye nchi zenye kichocho. Kwa hiyo "hajasafiri" nayo si jibu.

#41 Chawa Mstaafu
Sasa hata Ulaya tusioge. Tujipanguse na kitambaa.

#42 Dada Mkubwa
Mrejesho, wakuu. Nilichapisha posti za Fundi, Nesi na Daktari, nikampelekea daktari wa wasafiri. Akacheka kwanza, alipofika kwenye lita nne akaacha kucheka. Mkojo wa mchana umechukuliwa siku mbili: hakuna yai. Chupa ya siku ya tatu ilisahaulika kwenye basi na sitaki kuwaza aliyeiokota. Choo kubwa bado. Selimundu wamepima, ni mbebaji kweli, @Bwana wa Muscat njoo uchukue heshima yako. Picha ya sitiskani haikuona jiwe. Jana kapewa prazikwanteli.

#43 Bwana wa Muscat
Nimepokea kwa mikono miwili.

#44 Fundi Hadubini
Mkojo wa tatu uchukuliwe hata sasa, mayai yaliyokwama ukutani huendelea kutoka kwa muda. Lakini damu ikikata wiki hii tutasema ni dawa au ni kifuko kimejifunga? Daktari wa figo atasema alijua.

#45 Magoti Jarubani
Habari zenu. Mimi ndiye mgonjwa. Uzi nilitumiwa na binamu tangu siku ya pili, nimeusoma kimyakimya.

Kuna kitu sikukisema kwa dada wala kwa daktari. Januari 25, Jumapili, tulikuwa na mpira wa maveterani. Beki mmoja alinipiga goti ubavuni, kushoto, nikakaa chini dakika tano. Daktari wa figo alinikataza mpira wa kugongana tangu mwaka jana, ndiyo sababu nikanyamaza. Usiku maumivu yalizidi nikameza diklofenaki mbili za shangazi.

@Daktari Njiani hapo vipi?

#46 Kasuku wa Kigoma
Uzi uanze upya.

#47 Dada Mkubwa
Washa simu. Sasa hivi.